Mwenye Kuishi Chomboni Alale Juu ya Nini?

Mashua yenyewe ina urefu wa mita 9. Kuanzia omoni hadi karibu na tezi pana banda la mbao ambalo mtu mzima hawezi kusimama wima ndani yake. Mwenye mashua ni kijana wa Lamu. Mchana huchukua wageni, jioni hutia nanga mbele ya Shela, na usiku hulala humo humo kulinda injini yake. Huu ni mwezi wa nane tangu aanze kulala humo, na nyumbani hulala Alhamisi kuamkia Ijumaa tu. Godoro la kwanza alilonunua liliota koga, la pili limeanza kunuka, na maumivu ya mgongo hayamwachi. Jioni moja alikuja kwenye daka la babu wa mkewe na swali moja: anunue kitanda gani? Tulianza baada ya Alasiri, tukaondoka baada ya Isha, na hata hapo hatukuwa tumekubaliana kwa kila jambo.

Nimeyaandika tuliyosemezana kwa sababu swali hili si la kijana huyu peke yake. Wako mabaharia wa majahazi ya mizigo, wako walinzi wa boti zinazolala nanga Kilifi na Mtwapa, na wako wavuvi wa dago ambao chombo ndiyo nyumba yao kwa siku nyingi. Habari za tanga, injini na nyavu huulizana kila siku. Habari za malazi hawaulizani, na miili yao ndiyo inayolipa.

Waliozungumza walikuwa watano. Nahodha, mwenye daka, aliyeshika usukani miaka arubaini. Fundi, muunda vyombo wa Matondoni. Muuguzi, binti wa nahodha, ambaye kazi yake ni kuwahudumia watu wenye maumivu ya viungo. Kijana mwenyewe. Na mkewe, mjukuu wa nahodha, ambaye alinyamaza kwa muda mrefu kisha akasema lililogeuza mazungumzo. Mimi ni jirani, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuuliza.

Mkeka au godoro

NAHODHA: Mimi sitazunguka. Kitanda ni kitu cha nyumbani. Nimepakia boriti, nimepakia chokaa na makuti, kutoka hapa hadi Mombasa na Unguja, na malazi yangu yalikuwa mkeka mmoja na shuka moja. Mkeka unautandika juu ya shetri, kichwa karibu na usukani. Unasikia kamba, unasikia upepo unapogeuka. Alfajiri unaukung'uta, unaukunja, na pale ulipolala panarudi kuwa mahali pa kazi. Ukilowa, jua la asubuhi moja linatosha. Godoro likilowa ni mzigo usio na nauli.

KIJANA: Babu, hayo ni kweli, lakini wewe ulikuwa safarini. Safari ina mwisho. Siku tatu, wiki, ukifika unalala kitandani kwako. Mimi hapa ndipo ninapoishi. Mvua za masika zikianza, juu ya sitaha hapalaliki, naingia bandani. Na mkeka juu ya ubao mtupu nimeujaribu. Wiki ya kwanza nilijiona shujaa. Wiki ya tatu nikawa siwezi kuinama kuvuta nanga.

NAHODHA: Mwili huzoea, mwanangu.

MUUGUZI: Baba, mwili hauzoei, huwa unanyamaza tu. Kila wiki naletewa wanaume wa miaka hamsini ambao mabega na viuno vyao vilizoea hivyo hivyo.

Nahodha hakuwa anatia chumvi. Mwishoni mwa mwaka 1938, Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi kubwa la Kuwait lililoteremka na kaskazi hadi Unguja na Rufiji. Katika kitabu alichokitoa baadaye, malazi ya jahazi lile ni kama anavyoyasimulia mzee wetu: mabaharia na abiria wamejilaza juu ya sitaha na juu ya shehena, kila mtu mahali alipopata upenyo. Desturi ya kulala popote ni ya zamani na ilibeba biashara ya bahari nzima. Tulichokuwa tukiulizana ni kama inamfaa mtu ambaye hateremki chomboni.

Kipande cha sponji

Kijana aliingiza mkono katika mfuko wa plastiki akatoa ushahidi wake. Kilikuwa kipande cha godoro la kwanza, ukubwa wa mkate, alichokikata kwa kisu mahali kiuno chake kilipokuwa kikilala. Upande wa juu ulikuwa na rangi ya maziwa, kama ulivyotoka dukani. Alipokigeuza, upande wa chini ulikuwa umejaa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, vimesongamana katikati na kupungua kuelekea ukingoni. Harufu ilikuwa ya maji ya ngama. Alisema amekianika juu ya paa siku tatu. Fundi alikifinya, na vidole vyake vikatoka na unyevu. Muuguzi akagusa pale kwa kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi.

MUUGUZI: Chumvi. Basi ugonjwa wa godoro hili tumeujua.

KIJANA: Nililinunua jipya, shangazi, na halikuwa la bei rahisi.

MUUGUZI: Hukuuziwa kibaya. Ulilitandika vibaya. Mtu akilala usiku mmoja hutoa maji kwa jasho na kwa pumzi, hata asipohisi joto, kadiri ya glasi au zaidi. Sehemu ya maji hayo hushuka ndani ya godoro. Nyumbani yangetoka kwa chini. Kwako yanakutana na ubao uliopozwa na bahari, na hapana upenyo wa hewa. Yanabaki pale pale, na koga inapata nyumba.

FUNDI: Na chumvi?

MUUGUZI: Chumvi ndiyo inayoharibu kabisa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huuvuta na kuyeyuka. Hewa yetu ya pwani hupita hapo karibu kila usiku. Kwa hiyo ukipanda kitandani na miguu yenye maji ya bahari, au shuka likirushiwa wimbi mara moja, ile chumvi inabaki. Mchana unalianika godoro, linakauka. Usiku linakunywa tena.

KIJANA: Basi nilikuwa nalianika bure.

MUUGUZI: Ulitakiwa ulioshe kwanza kwa maji ya kisima hadi chumvi iishe, ndipo ulianike. Jua huondoa maji. Chumvi haiondoki kwa jua.

Nahodha alikipokea kile kipande, akakitazama kwa muda, akakiweka chini kando ya kiti chake. Alisema ndiyo maana mkeka wake haukupata kuoza: kila mara mvua iliponyesha aliutandaza sitahani uoshwe, na hakuwahi kujiuliza kwa nini marehemu nahodha aliyemfunza alimwamuru afanye hivyo.

Chaga au kamba

FUNDI: Kama tatizo ni hewa, hilo ni langu. Anayetandika godoro juu ya ubao mzima amelijengea kaburi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni chaga. Mbao nyembamba za upana wa sentimita 5 au 6, kati ya moja na nyingine unaacha sentimita 3. Chini ya chaga kuwe na uwazi usiopungua shibiri moja mpaka kwenye sakafu ya banda. Natumia skrubu za shaba, kwa sababu msumari wa chuma chomboni hufanya kutu na kutu huchana kitambaa.

NAHODHA: Na njia ya pili ni ya bibi yako.

FUNDI: Ndiyo, kitanda cha kamba. Mifumbati miwili, vitakizo viwili, na kamba ya usumba iliyowambwa vizuri. Usumba umetoka kwenye makumbi yaliyofukiwa katika matope ya pwani miezi kwa miezi, hauogopi maji ya chumvi. Hewa inapita kila mahali. Na kitanda cha kamba kinaupokea mwili, hakiupigi.

MUUGUZI: Kinaupokea mno, ami. Kamba ikilegea katikati, kiuno kinazama na magoti yanapanda. Mtu anaamka amepinda kama ndoana.

FUNDI: Hilo halina ubishi. Wazee wenyewe walikiita teremka tukaze. Ukikiwamba leo, baada ya wiki chache ushuke, ukaze. Nyumbani ni kazi ya nusu saa. Chomboni, bandani, umepiga magoti na kichwa kinagonga paa, kazi hiyo utaiahirisha mpaka mgongo ukukumbushe. Kwa hiyo ingawa napenda kuwamba, kijana huyu namshauri chaga.

Nilimuuliza muuguzi godoro likae vipi juu ya chaga: gumu au laini? Alijibu kwamba watu wengi hudhani ugumu ni dawa ya mgongo. Alitueleza namna ya kupima. Lala chali, mtu apitishe kiganja chini ya kiuno chako. Kiganja kikipita bila kugusa, godoro ni gumu mno, mgongo unaning'inia. Kisipopita kabisa, mwili umezama. Kinatakiwa kipite kwa kusukuma kidogo. Anayelala ubavu anahitaji ulaini zaidi begani na nyongani. Na unene usipungue sentimita 10, kwa sababu sponji nyembamba ikilaliwa mwezi mmoja hubonyea, na aliyelala anarudi kuzihesabu chaga kwa mbavu zake.

Machela

KIJANA: Kuna mgeni mmoja aliniambia ninunue machela, ile ya kufunga kamba huku na huku ukalala hewani. Aliniambia mabaharia wa manowari walilala hivyo.

Hilo lina historia ndefu. Wahispania waliofika na Columbus visiwa vya Bahamas mwaka 1492 waliwakuta wenyeji wamelala katika vitanda vya nyuzi vilivyoning'inizwa, wakachukua wazo. Mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza liliruhusu machela rasmi katika meli zake. Baadaye kila baharia alipewa upana wa inchi 14, yaani sentimita 36 hivi. Walipata nafasi zaidi kwa sababu nusu ya watu walikuwa zamuni.

FUNDI: Kwa chombo kinachoyumba, machela ina akili. Chombo kinalala ubavu huu na ule, machela inabaki wima kama timazi. Haigusi mbao, kwa hiyo hailowi kwa chini. Mchana unaikunja kama tanga dogo.

MUUGUZI: Na asiyelala chali ataishi vipi ndani yake? Machela humpinda mtu. Ukijilaza mshazari, mwili hunyooka kiasi, lakini mshazari unataka upana.

FUNDI: Hapo ndipo inaposhindwa kwake. Ili ining'inie vizuri inataka karibu mita 3 kati ya ndoana na ndoana. Banda la mashua hii lina upana wa mita 2 na ushei. Ataifunga imekunjamana, na kila wimbi litamgongesha ukutani.

NAHODHA: Ifungwe nje, chini ya turubai, wakati wa kaskazi. Aliye zamuni akiteremka ajinyooshe saa mbili.

Hapo wote walikubali. Machela ni malazi ya pili: ya zamu, ya mgeni wa usiku mmoja, ya mchana wa joto. Nyumba ya mtu haijengwi juu yake.

Mahali kabla ya kitu

NAHODHA: Mnazungumza juu ya kitanda gani, na hamjauliza kiwekwe wapi. Ulikiweka wapi, mwanangu?

KIJANA: Omoni, babu. Mbele ndiko kulikokuwa na nafasi, mizigo ya wageni inakaa nyuma.

NAHODHA: Basi hata ukilala juu ya hariri utaamka umechoka.

FUNDI: Nahodha kasema kweli. Chombo hupanda na kushuka zaidi omoni kuliko mahali pengine popote. Katikati ndiko kunakotulia. Usiku maji yanapopiga, omo ndiyo inayopigwa. Tena omo imechongoka, kitanda chako upande wa mbele ni kifupi kuliko upande wa nyuma.

NAHODHA: Na ulilala umekingama au umefuata mkuku?

KIJANA: Nimekingama.

Nahodha alichukua kofia yake akaiweka juu ya baraza, akaiinamisha ubavu mmoja. Sisi tuliozaliwa hapa tulielewa kabla hajasema. Siku za bamvua maji ya Lamu hupanda na kushuka karibu mita 3. Chombo kilichotia nanga karibu na ufuo kikipwelewa usiku hulala ubavu juu ya mchanga, na aliye ndani analala kwa mwelekeo wa chombo, si wa kitanda. Aliyekingama kichwa kinaweza kuwa chini ya miguu, damu inamjaa usoni, anaamka na kichwa kizito. Aliyefuata mkuku anabingirika tu kuelekea ubavu mmoja, na ubao wa kingo wenye kimo cha shibiri moja unamzuia.

NAHODHA: Lala katikati, au nyuma kidogo ya katikati. Fuata mkuku. Weka ubao wa kingo. Miguu iangalie omo, ili chombo kikigonga kitu kipigo kiende miguuni, kisiende kichwani. Ya mkuku na miguu hata mimi wa mkeka niliyafuata.

Kwa mara ya kwanza jioni ile, nahodha, fundi na muuguzi walikuwa upande mmoja. Kijana alikuwa amenunua magodoro mawili, na kosa lake la kwanza halikuwa godoro.

Sauti ya mke

Ilikuwa karibu na Magharibi alipozungumza. Alianza kwa kuomba radhi kwa wakubwa, kisha akasema.

MKE: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninyi nyote mmezungumza vizuri, lakini tuliolala pale ni mimi na huyu. Na anayefua ni mimi. Godoro lile la mita 2 nzima halipiti kwenye mlango wa banda ila likikunjwa na watu wawili. Ndiyo maana lilianikwa mara moja kwa mwezi. Mtu mmoja akiwa peke yake hawezi kulitoa.

FUNDI: Enhe. Hilo sikulifikiri.

MKE: Kwa hiyo mimi nataka vipande viwili, kila kimoja mtu akiweze peke yake. Kila kimoja kiwe na foronya yake ya turubai laini au pamba nzito, yenye zipu, nivue nifue. Juu ya foronya niweke mkeka wa ukindu, kwa sababu shuka hushika ngozi yenye jasho na mkeka haushiki. Babu, mkeka wako umo.

NAHODHA: Nimesikia.

MKE: La pili, mvungu. Ami atauacha wazi kwa ajili ya hewa, na huyu bwana kesho ataushindilia makoti ya mvua, kamba na madumu ya mafuta. Mvungu ukijazwa, chaga hazina faida. Naomba vyandarua vya wavu vifungwe pembeni ya mvungu, ili kitu kisiingie na hewa ipite. La tatu, mlangoni pawe na mtungi wa lita 20 wa maji ya kisima na kata. Hapandi mtu kitandani kabla hajaosha miguu. La nne, chandarua cha mbu. Tukilala karibu na mikoko, mbu huja wengi.

MUUGUZI: Na la tano ni langu. Mvua ikinyesha mkafunga banda, jiko la makaa litoke nje, hata likionekana limezimika. Moshi usioonekana wa makaa huua mtu akiwa usingizini, na banda dogo hujaa upesi.

Nilimtazama nahodha. Alikuwa akihesabu kwa vidole kama mtu anayepokea shehena.

Kuhusu kilicho ndani ya godoro, fundi alitaja sufi. Nyuzi za sufi zina nta, maji hayaingii upesi, na kwa sababu hiyo zamani majaketi ya kujiokolea yalijazwa sufi. Ila sufi hushikana mabonge, inabidi kuchambuliwa kila mwaka, na siku hizi wachambuzi ni wachache. Godoro la usumba linapitisha hewa kuliko yote lakini ni gumu. Mke alichagua sponji nzito ile inayorudi upesi ukiibonyeza, kwa sababu ndiyo inayopatikana dukani na ndiyo anayoweza kuikata mwenyewe kwa kisu cha mkate ifuate umbo la banda.

Usingizi mzito

Baada ya Isha nahodha aliturudisha kwenye hoja yake ya kwanza, na hapa ndipo mjadala ulipofika mahali pake.

NAHODHA: Nimekubali mengi. Lakini nina hofu moja. Kitanda kizuri huleta usingizi mzito. Nanga ikianza kuburura usiku, nani atasikia? Mkeka ulituamsha kwa sababu haukutulaza sana.

MUUGUZI: Baba, tuhadithie ule usiku ambao serahangi alikuwa na homa.

Mzee alinyamaza. Kisha akasimulia kwa sauti ya chini. Alikaa usukanini usiku mbili mfululizo bila kulala. Alfajiri ya pili aliona weusi mbele, akasema moyoni ni kivuli cha wingu. Ulikuwa mwamba. Kijana wa omoni alipiga ukelele, chombo kikapita kwa upana wa mashua moja. Ndani ya chombo kulikuwa na watu kumi na mmoja.

MUUGUZI: Macho yako yalikuwa wazi. Hukuwa umelala. Lakini uliona wingu mahali pa mwamba. Asiyelala vizuri siku nyingi huwa hivyo kila siku, hata akiwa nangani. Aliyeshiba usingizi huamka kwa mlio wa mnyororo. Aliyechoka hasikii hata akipigiwa ngoma.

NAHODHA: Huo mwamba nauona mpaka leo.

Hapo niliwaambia jambo ambalo nilikuwa nimelisoma na likaniuma. Mwaka 2006 ulipitishwa Geneva Mkataba wa Kazi za Mabaharia, ukaanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014, Tanzania mwaka 2019. Mkataba huo unasema kila baharia awe na kitanda chake mwenyewe, na nafasi ya ndani ya kitanda hicho isipungue sentimita 198 kwa 80. Unaweka pia kipimo cha mapumziko, saa 10 katika kila saa 24. Kisha, pale unapoeleza ni meli zipi zinazohusika, unaziacha nje meli za uvuvi pamoja na vyombo vya muundo wa jadi. Jahazi limetajwa kwa jina, kama mfano wa chombo kisichohusika.

Daka lilikuwa kimya kwa kitambo.

FUNDI: Yaani kipimo kipo, ila si chetu.

NAHODHA: Kipimo ni cha mwili. Mwili wa baharia wa meli ya chuma na wangu una tofauti gani?

Sikuwa na jibu bora kuliko swali lake, na sina hadi sasa.

Uamuzi

Walitofautiana mpaka mwisho kwa jambo moja. Nahodha anaendelea kuamini kwamba mkeka juu ya chaga unatosha, na kwa mwili wake huenda unamtosha. Wengine wanne walisimama na godoro. Mimi nilikwenda kumsikiliza mwenye mkeka nikidhani atashindwa, nikatoka nimejifunza kwake jambo la kwanza kabisa, ambalo ni mahali. Kwa hiyo natoa uamuzi wangu kwa mpangilio ambao naona unamfaa kila anayeishi katika chombo kidogo.

Anza na mahali: katikati ya chombo au nyuma yake kidogo, kwa kufuata mkuku, pamoja na ubao wa kingo. Kisha tazama kilicho chini: chaga zenye nafasi, na mvungu ulio wazi. Kisha kipimo: urefu wa kujinyoosha na upana wa kugeuka. Baada ya hayo matatu ndipo uende dukani kutafuta godoro, na ulichague kwa kiganja chini ya kiuno na kwa mlango litakalopita. Mwisho ni desturi: miguu ioshwe, foronya ifuliwe, chumvi isipande kitandani. Anayeanza na godoro, kama alivyoanza kijana wetu, atanunua la pili na la tatu.

Nawaomba wenye vyombo wanisikilize. Mwaka unapofika wa kupandisha chombo ufukweni, mnamwita fundi wa kalafati, mnanunua deheni, mnabadilisha kamba zilizochakaa. Baharia anayelala juu ya magunia hamumhesabu katika matengenezo hayo, na yeye ndiye atakayeshika usukani alfajiri mkiwa mmelala majumbani. Mkataba ule umewaacha nje. Hakuna atakayewakagua kwa kipimo chake. Chaga za kitanda kimoja ni mbao chache na kazi ya fundi ya siku moja.

Safari hii chombo chako kikiwa ufukweni, chukua utepe wa kupimia, ingia ndani, upime pale anapolala baharia wako. Pasipofika sentimita 198 kwa 80, anza matengenezo hapo.